SOMO LA JUNI: WATOTO WETU WANA NENO GANI JUU YA SHULE YAO?

Baadhi yenu mnasomewa karatasi hii na watoto wenu kwa sababu macho hayaoni vizuri, au kwa sababu utotoni hamkupata nafasi ya kukaa darasani. Somo la mwezi huu linawahusu hao hao wanaowasomea.

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na sote tunajua jinsi siku hiyo inavyokwenda. Turubai linafungwa uwanjani. Wageni wanakuja na magari. Watoto wanapangwa kwa mistari tangu saa mbili asubuhi, na mgeni rasmi anafika saa sita. Wanaimba, wanacheza ngoma, mmoja anasoma shairi, wengine wanashika mabango. Mabango hayo ameyaandika nani? Mara nyingi ni mwalimu, usiku, kwa taa ya sola, kwa Kiingereza ambacho mtoto wa darasa la pili anayeyashika hawezi bado kukisoma. Halafu hotuba, halafu soda, na watu wanarudi nyumbani. Hatusemi kwamba kuimba ni kubaya. Tunauliza tu: siku hiyo yote, mtoto mwenyewe amesema nini?

Mtaalamu mmoja, Roger Hart, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1992 katika kijitabu kilichotolewa na UNICEF. Alilifananisha na ngazi yenye vidato vinane. Vidato vitatu vya chini alisema si ushiriki kabisa. Cha kwanza ni mtoto kutumiwa na wakubwa kusema mambo yao. Cha pili ni mtoto kuwa pambo, kama yule wa bango. Cha tatu ni mtoto kuwekwa kwenye kamati kwa jina tu, akae kimya, apigwe picha. Kuanzia kidato cha nne mtoto anaanza kuhesabiwa: anapewa kazi na kuelezwa sababu yake, juu zaidi anaulizwa maoni na baadaye anaambiwa maoni yale yametumikaje, juu zaidi wakubwa wanaleta wazo na watoto wanaamua pamoja nao. Kidato cha saba ni cha watoto wanaoanzisha jambo na kuliongoza wenyewe. Wengi hudhani ngazi inaishia hapo. Haiishii hapo. Kidato cha nane, cha juu kabisa, ni cha watoto wanaoanzisha jambo na kuwaita wakubwa waamue pamoja. Tunaomba wazazi wakishike hiki, maana tutakirudia: juu ya ngazi hiyo hakuna watoto peke yao, kuna watoto na wakubwa pamoja.

Sasa tuangalie siku yenyewe ilitoka wapi. Mwaka 1974 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ilitoa amri kwamba katika shule za watoto weusi masomo kama hesabu yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya wale waliowatawala. Walimu wengi hawakuijua vizuri, na wanafunzi wao ndio zaidi. Mwanafunzi aliyekuwa akifaulu hesabu akaanza kushindwa. Hesabu ilikuwa ile ile. Alichoshindwa kuelewa ni swali.

Sisi tuliotoka Kongo na Burundi hatuhitaji kuelezwa hilo kwa maneno mengi. Tunao vijana hapa waliofika darasa la juu kule nyumbani kwa Kifaransa, na walipofika Uganda wakawekwa na watoto wadogo wa primari kwa sababu masomo kuanzia darasa la nne yanafundishwa kwa Kiingereza. Kijana wa miaka kumi na sita magoti yake hayaingii chini ya dawati. Wengine wamevumilia mpaka wamefika sekondari, na tunawapongeza. Wengine wameacha, wako kwenye bodaboda au kwenye mashamba ya watu. Hatusemi Kiingereza kililetwa hapa kuwaonea wakimbizi. Nchi hii imetupokea na inafundisha watoto wetu kwa lugha ile ile inayofundishia watoto wake. Lakini kijana aliyekaa mbele ya ubao asiouelewa, kwake ubao ni ule ule.

Tuendelee na Soweto. Wazazi na walimu walilalamika, hawakusikilizwa. Mwezi Mei 1976 wanafunzi wa shule moja ya Orlando West walikataa kuingia darasani, na shule nyingine zikafuata. Mwezi huo huo Desmond Tutu, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa kanisa kuu la Anglikana Johannesburg na bado hajawa askofu, alimwandikia Waziri Mkuu John Vorster barua akimwonya kwamba watu wamechoka na damu inaweza kumwagika. Barua haikuleta badiliko. Tarehe 16 Juni maelfu ya wanafunzi walitoka barabarani wakiwa na sare za shule, na polisi wakawapiga risasi. Picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akiwa amebebwa mikononi mwa kijana mwingine, iliyopigwa na Sam Nzima, ilizunguka dunia nzima. Katika miezi iliyofuata waliokufa walihesabiwa kwa mamia.

Mwezi Julai, mwaka ule ule, serikali ikalegeza amri ya lugha.

Tukae hapo kidogo. Kama amri iliweza kulegezwa Julai, iliweza kulegezwa Mei, wakati watoto walipokuwa wamekaa tu nje ya madarasa wakisema hawaelewi. Walichokijua Mei ndicho kile kile serikali ilichokikubali Julai. Katikati yake kuna makaburi. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwamba kuuliza watoto habari za shule ni mchezo wa watu wa mashirika, na aisome tena miezi hiyo mitatu.

Nchi ile ilijifunza. Baada ya uchaguzi wa 1994 walitunga Sheria ya Shule ya mwaka 1996. Kila shule ya serikali yenye darasa la nane na kuendelea lazima iwe na baraza la wanafunzi lililochaguliwa na wanafunzi wenyewe, na baraza hilo linapeleka wajumbe kwenye bodi ya shule. Humo wanakaa na wazazi, walimu na wafanyakazi wengine wa shule, na wana kura. Watunga sheria walikuwa na busara pia ya kuweka mipaka. Wazazi katika bodi lazima wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa, angalau kwa mtu mmoja. Na mjumbe ambaye hajafika miaka ya utu uzima haruhusiwi kusaini mkataba kwa niaba ya shule, wala kupiga kura kwenye jambo litakaloibebesha shule deni. Kwa hiyo mzazi anayeogopa kwamba watoto watauza mabati ya shule na apumue.

Jirani zetu Kenya walifika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine, na nayo ya uchungu. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa katika moto wa bweni shule ya Kyanguli, moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Mwaka 2008 migomo na uharibifu vilizikumba shule za sekondari kwa mamia. Wachunguzi walipouliza wanafunzi, walisikia malalamiko ya chakula, mitihani ya majaribio mingi kupita kiasi, na viranja waliochaguliwa na walimu ambao wanafunzi waliwaona kama wapelelezi. Mwaka 2009, kwa msaada wa UNICEF na chama cha walimu wakuu, ulianza mpango wa mabaraza ya wanafunzi wanaochaguliwa kwa kura za wenzao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi ya kuhudhuria bodi ya shule.

Je, moto uliisha? Hapana, na tunalisema wazi ili mtu asije akatuambia tumeficha. Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja za Kenya zilichomwa tena. Baraza lililopo kwenye karatasi, ambalo mwalimu mkuu anachuja majina ya wagombea kabla ya kura na mwakilishi anaingia kwenye bodi mara moja kwa mwaka, halizuii kitu. Hicho ni kidato cha tatu cha ngazi yetu kilichovikwa suti.

Hapa Uganda pia tuna kitu cha kujifunza. Mwezi Agosti 2001, mjini Kampala, ilizinduliwa harakati ya elimu ya wasichana, ile watu wanayoiita GEM. Mpango wake ulikuwa hivi: wasichana wenyewe wawe viongozi wa klabu shuleni, wavulana wawe wenzao wa kazi, na wakubwa watoe ushauri. Katika shule nyingi klabu hizo zilihesabu watoto walioacha masomo katika kijiji, zikaenda nyumbani kwao kuwabembeleza na kuzungumza na wazazi, zikashona vitambaa vya hedhi. Mwalimu akimfuata mtoto aliyeacha shule, mtoto anajificha nyuma ya nyumba. Rafiki yake akija, anatoka.

Sasa tunalijua neno linalowakaa wazazi kooni. Tumelisikia mara nyingi: “Mtoto akianza kuulizwa, kesho atanijibu vibaya nyumbani.” Na methali iko tayari, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, sisi wenyewe tulilelewa nayo. Lakini inamfundisha mtoto wajibu wake. Haimwambii mkuu aache kusikiliza. Mkataba wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao nchi zetu za Afrika ziliuandika mwaka 1990, una mambo yote mawili. Kifungu cha 7 kinampa mtoto anayeweza kueleza mawazo yake haki ya kuyatoa. Kifungu cha 31 kinampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi, wakubwa na wazee wakati wote. Walioandika hawakuona kwamba vifungu hivyo vinapigana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 nao, katika kifungu cha 12, unasema maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Wa darasa la kwanza hawezi kupewa uzito wa kijana wa S3, wala hakuna anayeomba hivyo. Mikataba yote miwili ina kifungu chake juu ya mtoto mkimbizi, wa kwanza kifungu cha 23 na wa pili kifungu cha 22. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba mtoto akivuka mpaka, neno lake linabaki forodhani.

Wanaosoma Biblia wafungue Wafalme wa Pili, sura ya 5. Tunahubiri sana juu ya Naamani na mto Yordani, tunampita haraka yule msichana mdogo aliyetekwa vitani akapelekwa nchi ya ugeni kuwa mtumishi wa nyumbani. Jina lake halijaandikwa. Alijua jambo moja ambalo jemadari, mke wake na mfalme wa Shamu hawakulijua, yaani mahali pa kupata uponyaji. Akamwambia bibi yake. Na wakubwa wale, kila mmoja kwa zamu yake, walilichukua neno la mtoto mtumwa na kulipeleka juu mpaka kwa mfalme. Msichana hakuwa jeuri, na wakubwa wale hawakupungukiwa heshima. Sura nzima imesimama juu ya neno lake.

Kuna mtu mmoja tunayetaka mmjue, kwa sababu alifanya kazi hii kwa undani kuliko wengi, na watoto wake waliishia kuwa watu wa kuhamishwa kama sisi. Aliitwa Janusz Korczak. Alikuwa daktari wa watoto, Myahudi wa Poland, na tangu mwaka 1912 aliongoza nyumba ya yatima mjini Warsaw pamoja na mama mmoja, Stefania Wilczyńska. Haikuwa shule, lakini watoto wapatao mia moja waliishi humo na kulelewa humo, na kila mtoto alikuwa na kazi yake ya nyumba.

Korczak aliweka mahakama ya watoto. Mtoto aliyeonewa aliandika jina la aliyemwonea. Kila juma majaji watano walipatikana kwa kura miongoni mwa watoto ambao juma lile hawakushtakiwa. Mkubwa alikuwa mwandishi tu, hakutoa hukumu. Walikuwa na kitabu cha vifungu, na jambo la kushangaza ni mpangilio wake: vifungu 99 vya kwanza vyote ni vya kusamehe au kuachilia, kwa sababu mshtakiwa hakujua, au amejuta, au ni mara ya kwanza, au mshtaki mwenyewe ameondoa shtaka. Kifungu cha 100 ndipo mahakama inaanza kusema umekosa. Kutoka hapo namba zinaruka kwa mamia, na cha 1000 ni kufukuzwa. Watu wazima wangeandika kitabu hicho wakianzia upande wa pili.

Na wakubwa wa nyumba ile nao walishtakiwa humo. Korczak mwenyewe alieleza kwamba katika nusu mwaka alijipeleka mbele ya majaji wale mara tano. Mara moja ni kwa kumpiga mvulana kofi, mara nyingine kwa kumtoa mtoto chumba cha kulala, mara nyingine kwa kumshuku msichana wizi. Hakuvunja mahakama. Alisema kesi zile chache zilimfundisha kuwa mlezi anayefuata sheria, asiyetenda kwa kupanda na kushuka kwa hasira yake. Tunawaachia walimu wetu jambo hilo walifikirie, hasa wanaotembea na fimbo, maana sheria ya Uganda ya watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza viboko shuleni, na kila mtu anajua vinavyoendelea.

Mwaka 1940 Wanazi waliwalazimisha watoto wale wahamie ndani ya ghetto, mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wayahudi walifungiwa kwa njaa na magonjwa. Mwezi Agosti 1942 Korczak, Stefania na watoto karibu 200 walichukuliwa na kupelekwa Treblinka, wakauawa huko. Alikuwa amepata nafasi za kujiokoa peke yake, akakataa kuwaacha. Mwaka 1978 nchi ya Poland ndiyo iliyopeleka kwa Umoja wa Mataifa pendekezo la kuandika mkataba wa haki za mtoto, ule ule ambao kifungu chake cha 12 tumekitaja hapo juu.

Turudi nyumbani. Watoto wanajua nini juu ya shule ambacho kamati ya wazazi haikijui? Wanajua mengi. Kamati inajua vyoo viko vinane; wasichana wanajua viwili tu vina komeo, na kwamba vingine wavulana wakubwa wanasimama karibu navyo. Kamati inajua maji yanafika. Watoto wanajua saa ngapi mstari wa madumu unaanza kisimani na ni nani anayechelewa somo la kwanza kwa ajili yake. Kamati inaona rejista, watoto wanajua kwa nini jina fulani halijaitikiwa wiki tatu: mama amejifungua, au msichana ameahidiwa mume, au daftari limekwisha na ana aibu kuomba. Hayo yote hayahitaji mfadhili ili yajulikane. Yanahitaji mtu akae na kuuliza, na awe na subira ya kusikia.

Hata mambo ya fedha, msiyaondoe mbele yao haraka. Uchunguzi uliofanywa Uganda uligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha ambazo serikali ilizitenga kwa matumizi yao. Nyingine zilipotelea njiani. Baadaye serikali ilianza kutangaza kiasi hicho kwenye magazeti na kuagiza shule zibandike karatasi ukutani, ili kila mtu aone. Hali ikawa bora zaidi. Sasa, nani katika makazi yetu anaweza kusoma karatasi hiyo ya Kiingereza kwa urahisi? Si sisi baba zao. Ni mwanafunzi wa darasa la sita. Ukutani pale pana somo la hesabu la bure, na anayelisoma anamsaidia mzazi wake kujua la kuuliza kwenye mkutano.

Tumezungumza na wazee wa kanisa na baadhi ya walimu, na haya ndiyo tunayoyaona yawezekane bila kungoja mradi. Kwanza, viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wanafunzi. Waliosoma Kongo wanamkumbuka shefu wa darasa, waliopitia kambi za Tanzania wanamjua kiranja, hapa anaitwa prifekti; majina ni tofauti lakini kazi ilikuwa moja, kuandika majina ya wanaopiga kelele. Huyo si mwakilishi, ni msaidizi wa mwalimu. Anaweza kubaki na kazi yake. Mwakilishi ni mtu mwingine, anayepeleka neno la wenzake juu na kurudisha jibu chini, na kila darasa liwe na wawili, msichana na mvulana. Tusimchague tu yule anayejua Kiingereza na mwenye sare safi. Yule aliyefika mwaka huu kutoka Ituri au Kivu, yule mwenye ulemavu, yule mkubwa aliyekaa na wadogo, ndio wanaoona mambo ambayo wengine wamekwisha kuyazoea.

Watoto wakutane kwanza peke yao, wasichana mbali na wavulana, kwa lugha wanayoiweza. Kiswahili kitawafikia wengi, lakini tusisahau Wanyarwanda na Warundi ambao Kiswahili chao bado kinachechemea, na ndugu zetu wenyeji ambao watoto wao wanakaa katika madarasa yale yale. Wachague jambo moja au mawili. Wakileta kumi, kamati itachukua lile rahisi na kuwashukuru kwa mengine.

Halafu jibu. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapofia. Watoto wanaulizwa, wanasema, wakubwa wanaandika, kitabu kinafungwa. Mara ya pili hawatasema kitu, na watakuwa na haki. Kamati ikubali kurudisha neno ndani ya wiki mbili hata kama neno ni “hapana”, na iseme sababu. Mtoto anayeambiwa kwamba komeo la choo litawekwa na fundi Alhamisi, lakini darasa jipya haliwezekani kwa sababu fedha zake haziko mikononi mwa shule, amefundishwa kitu cha kweli kuhusu dunia. Mtoto asiyejibiwa naye amefundishwa kitu, na tunajua ni kitu gani.

Tunaonya juu ya jambo moja. Habari za mwalimu au mtu yeyote anayemgusa mtoto vibaya, au anayemtaka msichana, hazisemwi kwenye baraza la wanafunzi mbele ya watu. Mtoto atadhurika mara mbili. Habari hizo zinapelekwa kwa siri kwa wanaoshughulika na ulinzi wa watoto na kwa polisi, na mkubwa mmoja anayeaminika aende naye. Tena watoto wasifanywe wapelelezi wa kamati dhidi ya walimu. Walimu wetu wanabeba madarasa yenye watoto zaidi ya mia moja, na wengi wao ni wakimbizi kama sisi. Waalikwe tangu siku ya kwanza, waseme nao yanayowalemea. Huenda watoto wakawa na msaada wa kutoa hapo pia, kama ule wa wakubwa wa darasa kuwatafsiria wapya maneno ya Kiingereza kila asubuhi robo saa kabla ya kengele.

Kwa vikundi vya kujifunza: someni somo hili kwa juma mbili, msilimalize siku moja. Juma la kwanza, kila mzazi amuulize mtoto wake nyumbani swali moja tu, “Ni nini shuleni kinachokufanya siku nyingine usitake kwenda?”, asikilize mpaka mwisho bila kukatiza wala kukemea, na aje na jibu bila kutaja jina la mtoto. Juma la pili mwangalie majibu hayo na mwulize ni yapi yako ndani ya uwezo wa shule na kanisa, ni yapi ni ya nyumbani kwetu wenyewe, na ni yapi ya kupeleka ofisini. Mjadili pia hili: katika sherehe ya tarehe 16, tukiwapa watoto robo saa ya kusema yale waliyoyachagua wenyewe, na mgeni rasmi akaombwa ajibu pale pale, ni sehemu gani ya ratiba tuko tayari kuipunguza?

Wasichana wa shule zote watakutana na kina mama Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa nane, chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Wavulana ni Jumapili baada ya ibada, mahali pale pale. Wazazi wa watoto walioacha shule, tunawaomba sana muwatume nao. Hawahitaji sare wala daftari.